Jinsi ya kulishika neno "na" kila unapolikuta kwenye lugha nyingine

Ukianza kujifunza lugha mpya, au hata kama hujifunzi, unasoma soma tu vitu vya watu wa mbali huku unakisia, haipiti muda utaliona neno "na" limekaa pale katikati ya sentensi. Herufi mbili tu. Sasa kwa vile Kiswahili ndo lugha yako na hilo neno unalitamka mara mia kwa siku, kichwa kinakimbilia chenyewe, hii naijua. Hapo ndo watu wengi wanapotelea, maana neno gumu linakushtua unaenda kwenye kamusi, lakini neno unalodhani unalijua unalipita mbio, sentensi nzima inapinduka na wewe huna habari.

Mi nilitumiwa meseji kwa Kilingala, fupi tu: "Nazali na ndako na ngai." Nilikuwa najua "ndako" ni nyumba na "ngai" ni mimi, nikaona hizo "na" zimejipanga, nikaelewa mtu anasema ana nyumba, na mimi pia. Kumbe alikuwa ananiambia yuko nyumbani kwake. Ukiitazama vizuri hiyo sentensi "na" zipo tatu na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza imeshikana na kitenzi, na-zali, hiyo ni "mimi", kama ni- yetu kwenye "niko". Ya pili ni ya mahali, "kwenye, ndani ya". Ya tatu ni ya umiliki, "ndako na ngai", nyumba yangu, ndivyo wanavyoongea Kinshasa japo vitabuni utaikuta "ndako ya ngai". Alafu hiyo ya pili nayo ina mambo yake, kwa sababu "nazali na mwana" ni nina mtoto, kwa hiyo "nazali na ndako" ikikaa peke yake inaweza kuwa niko ndani ya nyumba au nina nyumba, mazungumzo ndo yanaamua.

Tangu hapo nimekuwa nalifuatilia hili neno kwa mapenzi kabisa, naliokota kila lugha ninayoigusa, na ninachotaka kukupa hapa ni namna ya kulifuatilia wewe mwenyewe. Shina la njia nzima ni moja: usiulize "na maana yake nini", uliza "na hapa inafanya kazi gani, na nani wamekaa kushoto na kulia kwake". Njia hii utaitumia pia kwa "ma", "si", "ya", "ne" na vijineno vingine vya silabi moja, ila "na" ndo mwalimu mzuri kwa sababu ipo karibu kila mahali.

Anza na ya kwako

Watu wanairuka hii hatua, na mi naona ndo kubwa kuliko zote. Chukua daftari uandike: "Ana watoto wawili na wanasoma." Pigia mstari kila "na". Zinatoka tatu. Ya kwenye "ana" ni ya kuwa na kitu, ya katikati inaunga, ya ndani ya "wanasoma" ni ya wakati, inakwambia jambo linaendelea sasa hivi. Umeisema hiyo sentensi maisha yako yote na hujawahi kuhisi kama ni vitu vitatu. Ongeza hii: "Barua imeandikwa na Asha na Juma." Ya kwanza inamtaja aliyefanya, ya pili inaunga tu. Mtu anayejifunza Kiswahili akiambiwa "na" ni kiunganishi basi yamekwisha, hapo atatafuta nani kaandika barua asimuone.

Sasa hizi mbili zitazame kwa karibu sana:

Nimepiga picha na Asha.
Nimepigwa picha na Asha.

"Na" haijabadilika hata kidogo, Asha naye ni yule yule, kilichoingia ni w moja tu kwenye kitenzi, na hiyo w imemtoa Asha pembeni yako imempeleka nyuma ya kamera. Huyo ndo jirani ninayemsema. Kazi ya "na" imeamuliwa na neno lililo mbali nayo kidogo, kwa herufi moja.

Na bado. Kuna "na" ya pia, naye, nami, nao. Kuna ya kulalamika, "na wewe nawe, kila siku hivyo hivyo", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno mkononi hubaki na kitu. Kuna ya kuruhusu au kutakia, "na aje kama anaweza", "na iwe heri", hii iweke akilini tutairudia. Na kuna "na" ambayo si "na" kabisa, kwenye pendana, onana, hapo ni kiambishi -an- kimekutana na ile -a ya mwisho vikasikika hivyo. Kwa hiyo hata nyumbani kwako masikio yanaweza kukuonyesha neno ambalo halipo.

Tengeneza ukurasa mzima wa hizi za kwako, sentensi moja kwa kila kazi, ndo utoke nje.

Nakili sentensi, usinakili neno

Kamusi ndogo za kwenye simu zinakupa "na" alafu mkato alafu maana moja au mbili. Usinakili hivyo. Nakili sentensi nzima uliyolikuta, chini yake andika maana ya sentensi, na chini kabisa andika kazi ya "na" kwa maneno yako.

Nakuonyesha kwa Kitagalog: "Umalis na ang mabait na bata." Mtoto mpole ameshaondoka. Ya kwanza imekuja nyuma ya kitenzi na inasema jambo limeshafanyika, kazi ile ile ya -mesha- yetu. Ya pili imekaa kati ya sifa na mwenye sifa, mabait na bata, hiyo ni gundi tu, haina maana yake yenyewe, inashikilia maneno mawili yasiachane. Na gundi hiyo inabaki "na" pale neno la mbele linapoishia na konsonanti isiyo n, likiishia na irabu au n inageuka ng inarukia mwishoni, "magandang bata", mtoto mzuri. Ungeandika tu "na = tayari" kwenye daftari, ungesoma "mpole tayari mtoto" ukabaki unakodoa macho.

Kirusi nacho kitazame. "Na stole" ni juu ya meza, kitu kimetulia pale. "Na stol" ni kwenda juu ya meza, kitu kinawekwa. Hiyo "na" yenyewe haijasema kama kitu kimekaa au kinahama, aliyesema ni mkia wa neno meza. Kipolandi hivyo hivyo, "na stole" na "na stół". Kwa hiyo kwenye lugha za Kislavoni macho yako yasikae kwenye "na", yakae kwenye mkia wa neno linalofuata. Ila ukienda Kibulgaria, ambacho ni ndugu yao kabisa, mikia ya nomino mingi imeshaanguka na "na" ikabeba mzigo mwingine: "knigata na Ivan" ni kitabu cha Ivan. Mswahili anasoma kitabu na Ivan, anasubiri Ivan aje. Na Mrusi akikunyooshea kitu mkononi akasema "Na!" peke yake, anakwambia shika.

Kijapani ndo naomba ukae nacho muda mrefu zaidi. "Taberu na" ni usile. "Tabena" ni kula, haya kula. Sauti ya kukataza na sauti ya kuamrisha ni hiyo hiyo moja, tofauti ni ile "ru" iliyobaki au iliyoondoka. Inavyofanya kazi ni hivi: "na" ikifuata kitenzi kizima kama kilivyo kwenye kamusi, inakataza, "iku na", usiende. Ikifuata shina peke yake, ni ufupisho wa -nasai, inaamrisha, "ikina", nenda. Mtu anayesikia "na" tu bila kusikiliza kitenzi kimekatwa wapi atafanya kinyume cha alichoambiwa. Alafu kuna "shizuka na heya", chumba tulivu, hapo ni gundi kama ya Kitagalog ingawa lugha hazihusiani. Kuna "ii na", inayosemwa kwa kuvuta, ukiona mwenzako kapata kitu kizuri ukatamani. Na kuna nomino kabisa, "na", jina. Zote hizo ukiziandika kama sentensi zinakaa vizuri tu kichwani, ukiziandika kama orodha ya maana zinapigana.

Wahausa wana "na gode", nashukuru, hapo "na" ni mimi wa jambo lililokamilika, na wana "na biyu", wa pili, hapo inatengeneza nambari ya mpangilio. Na Pijini ya Nigeria wakisema "na me" wanasema ni mimi, si na mimi. "Na so", ndivyo. "Na" yao iko karibu zaidi na "ni" na "ndi-" zetu kuliko "na" yetu, ukishalijua hilo Pijini inafunguka ghafla.

Sikiliza sauti ilipopanda na ilipovutwa

Kiswahili hakina toni, ukipandisha au ukishusha sauti neno linabaki lile lile, kwa hiyo masikio yetu yamezoea kukipuuza kitu ambacho kwa wenzetu ndo neno lenyewe. Hii haiponi kwa kusoma, inapona kwa kusikiliza.

Kichina kina mfano mtamu. "Nǎ ge?" ni ipi? "Nà ge" ni ile. Swali na jibu lake, na kilichobadilika ni sauti tu, ya swali inashuka alafu inapanda, ya jibu inadondoka kwa nguvu. Ukiongeza "ná" inayopanda, hiyo ni kuchukua. Watu wanaoandika Kichina kwa herufi za Kirumi bila alama wanakuachia "na" tatu zinazofanana kama mapacha.

Kwenye Kithai kuna na urefu pia. Na fupi ya sauti ya juu, นะ, inawekwa mwisho wa sentensi kulainisha maneno, ombi lisisikike kama amri. Ukiivuta, naa, mambo yanaanza upya: sauti ya kati ni shamba la mpunga, ya kushuka ni uso, ya kupanda ni nene, ya juu ni mdogo wake mama. Tano hizo, na mtu aliyeandika kwa haraka kwenye simu kwa herufi zetu ameandika zote "na". Kiyoruba nacho, "ná" ni kutumia, kama kutumia pesa, "nà" ni kuchapa. Kukosea hapo sio kosa la lafudhi, ni neno jingine.

Namna ya kufanya mazoezi: tafuta mzungumzaji akusomee hizo sentensi, jirekodi kwenye simu ukimfuatisha, alafu kesho yake sikiliza bila kuangalia daftari ujaribu kutambua ipi ni ipi. Ukishindwa kutambua sauti yako mwenyewe, hata mwenzako atashindwa. Na ukikuta maandishi yasiyo na alama kwenye lugha ya toni, usijaze kwa kubahatisha, acha nafasi wazi mpaka umsikie mtu akiisema.

Alama ndogo juu ya herufi usiidharau hata kwenye lugha zisizo na toni. Kiayalandi kina "na fir", wanaume, "na mná", wanawake, hapo "na" inaonyesha tu kwamba ni wale wanaojulikana na ni wengi. Weka mkwaju, yaani kile kistari cha kuinama, juu ya a, "ná déan", imekuwa usifanye. Na bado hiyo isiyo na mkwaju ina kazi ya pili: "hata na mná" ni kofia ya mwanamke. Mi nilipoiona mara ya kwanza "hata na" nilihisi kama nimekutana na ndugu ugenini, na hakuna hata neno moja pale linalohusiana na letu. "Hata" ni kofia.

Itafute hata inapojificha

Saa zingine "na" ipo na huioni. Kizulu wanasema "ubaba nomama", baba na mama. Iko wapi "na"? Imegongana na u- ya mwanzo ya "umama", na a ikikutana na u kwao inakuwa o. Ikikutana na i inakuwa e, kwa hiyo na mbwa, "inja", inakuwa "nenja". Ukishaijua hiyo hesabu ndogo unaanza kuziona kila mahali. Alafu Kizulu hicho hicho kina "na?" inayosimama mwisho wa swali, "uyaphila na?", uko mzima? Kinyarwanda chenyewe kinaitupa irabu na kuacha alama, "umugabo n'umugore", mwanamume na mwanamke.

Kireno ni kinyume, pale "na" inaonekana neno moja kumbe ni mawili yameungana. "Na mesa", kwenye meza, ni em na a, kwenye + ile alama ya nomino za kike, maana Kireno kinagawa nomino kuwa za kike na za kiume. Nomino ya kiume inachukua "no", "no livro", kwenye kitabu, wingi "nas" na "nos". Kwa hiyo ukiona "na" kwenye Kireno angalia neno linalofuata kama ni la kike, ndo hiyo. Isipokuwa ikiwa imening'inia nyuma ya kitenzi kwa kistari, "viram-na", hapo ni huyo mwanamke mwenyewe, walimwona.

Ndugu au sadfa?

Hapa ndo pana moto, maana mtu akishaona "na" kwenye lugha tano tu anaanza kusema zote zilitoka sehemu moja. Subiri kwanza, tupige hesabu. Lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5 ina silabi 100 tu za aina ya ba, ka, na. Kihawaii kina konsonanti 8 na irabu 5, ukiacha urefu ni silabi 40. Lugha duniani zinahesabiwa zaidi ya 7,000, na n pamoja na a ni sauti za kawaida kabisa karibu kila mahali. Ongeza na jambo ambalo Mmarekani George Kingsley Zipf alilieleza kwenye miaka ya 1930, kwamba maneno yanayotumika sana huwa mafupi. Maana yake kila lugha inabana maneno yake yanayofanya kazi nyingi ndani ya vyumba vichache hivyo hivyo. Kukutana lazima.

Angalia wakati. Kwetu "na" iko kwenye anasoma, sasa hivi. Kwa Wasamoa "na sau" ni alikuja, umepita. Kwa Wafiji "au na lako" ni nitaenda, unakuja. Nyakati zote tatu kwa silabi moja! Na Kisamoa na Kifiji ni ndugu kabisa. Kifiji hicho hicho kinaweka "na" mbele ya nomino pia, "na vale", nyumba ile, na Kihawaii, ndugu mwingine, kina "nā" ndefu kwa wengi, "nā keiki", watoto. Kwa hiyo hata undugu wa lugha haukuhakikishii kwamba neno litafanya kazi moja.

Kipimo cha kwanza ninachotumia ni kuangalia kama "na" imekuja na wenzake. Tatu yetu kwa Kizulu ni -thathu, Kinyarwanda -tatu, Kilingala misato. Mtu ni umuntu, umuntu, moto. Maneno yanafanana kwa kundi na kwa mpangilio, sio moja moja, ndo maana unaweza kusema bila woga kwamba "na" ya kuunga kwenye lugha za Kibantu ni urithi mmoja. Kipimo cha pili ni kuuliza ilitoka wapi. Hii hapa naipenda sana: Kigiriki kina "na érthi", na aje. Umeona? Kazi ile ile ya "na aje" yetu, kitenzi cha kutakia nyuma yake, unaweza kuapa ni ndugu. Lakini "na" ya Kigiriki ni mabaki ya neno la zamani "hina", lililokuwa na maana ya ili, silabi ya mbele ikaanguka. Na "na" ya Kireno ilitoka kwenye Kilatini "in illa", ikasagika karne kwa karne. Njia tofauti, zimeishia mlango mmoja.

Kuna kisa kinachojulikana sana kwa wanaoshughulika na lugha. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini mashariki mwa Australia, mbwa aliitwa "dog", kama Kiingereza kabisa. Mtaalamu R. M. W. Dixon aliyeirekodi akaonyesha kwamba hawakuazima, neno lao lilitoka kwenye umbo la zamani kama "gudaga" na sauti zake zikabadilika kwa utaratibu ule ule uliobadilisha maneno yao mengine. Sauti tatu, zinazolingana kabisa, maana ile ile, na bado sadfa. Sasa fikiria sauti mbili.

Kinyume chake pia kipo, ndugu wa kweli wasiofanana sura. Kiajemi wanasema "na" kwa hapana, Kisanskriti "na" ni si, Kihindi "na" ya kukanusha imetoka huko. Ukitafuta ndugu yao kwenye Kirusi usiiendee "na", hiyo ni ya juu ya meza, ndugu yao ni "ne", si. Alafu ukishaanza kujiamini na "ne" ya kukataa kumbuka Wagiriki wanatamka "ne" na wanamaanisha ndiyo, na Wakorea vile vile. Kigiriki hapo kimewachanganya watu wengi sana.

Kiigbo nitakuachia ukipime mwenyewe. "Ọ na-abịa", anakuja. "Ada na Obi", Ada na Obi. "N'ụlọ", nyumbani. Kuunga, mahali na jambo linaloendelea, inagusa kabisa kwetu, na zote zimo kwenye familia kubwa ya Niger-Kongo. Lakini lete kapu zima la maneno kabla ya kusherehekea.

Zile za moyoni

Kuna "na" ambazo haziungi, hazionyeshi mahali, hazikanushi, zinabeba hali ya msemaji tu. Kihindi, "aap aaoge na?", utakuja, eh? Ile ya Kithai ya kulainisha. Usihangaike kuzitafsiri kwa neno, andika pembeni aliyesema alikuwa na sura gani na alikuwa anataka nini. Inatosha.

Ukitumia programu

Programu za kutafsiri zinahitaji majirani kama wewe unavyowahitaji. Ukiweka "na" peke yake inachagua lugha kwa kubahatisha, kwa hiyo iwekee sentensi nzima na uichagulie lugha mwenyewe. Na kama unapanga data zako kwenye majedwali angalia herufi hizi: "na" ni msimbo wa lugha ya Kinauru, NA ni msimbo wa nchi ya Namibia, Na ni alama ya natiriamu kwenye kemia, na programu nyingi za takwimu zikiona NA zinaihesabu kama sehemu tupu, kwa hiyo mistari ya Namibia inapotea kimya kimya. Kwenye mipangilio iambie programu isome safu hiyo kama maandishi tu.

Jipime

Funika juu kwa mkono usome hizi, kila moja sema kwanza kazi ya "na", ndo useme maana.

Na rua. (Kireno)
Thélo na páo. (Kigiriki)
Tapos na. (Kitagalog)
Na you do am. (Pijini ya Nigeria)
Suru na. (Kijapani)
Nalingi yo. (Kilingala)
Na? (Kijerumani)

Ya kwanza ni kwenye mtaa, "rua" ni ya kike. Ya pili nataka kwenda, ile iliyotoka kwenye "hina" inaunganisha kutaka na kwenda. Ya tatu imeshaisha, imekaa nyuma ya neno na inafunga jambo. Ya nne ni wewe uliyefanya, inamsukuma mtu mbele. Ya tano usifanye, kitenzi ni kizima, hakijakatwa. Ya sita nakupenda, "na" ni mimi na imeshikana na kitenzi kama kwenye ile meseji yangu. Ya saba haina majirani kabisa, iko peke yake na alama ya kuuliza, ni mambo vipi wa watu waliozoeana. Yeye anasema "Na?", wewe unarudisha "Na!", mmeshasalimiana.